Kiti Kilichogeuzwa

"Mwambie bado hajauliza," Goreth alisema, na hakuinuka.

Tulikuwa watatu mbele ya dirisha la kioo, katika ofisi ya kupokea maombi ya viza, ghorofa ya juu ya jengo moja katikati ya Sydney, tumevaa kama watu wanaopeleka mtoto kubatizwa. Mimi nilikuwa ndani ya suti yangu ya kijivu, ile inayotoka kabatini kwa harusi na misiba tu. Goreth alikuwa amejifunga imvutano ya rangi ya dhahabu, vazi la heshima la mama zetu wa Burundi, na fundo lake begani halikuwa na mkunjo hata mmoja. Binti yake Belyse, mwenye safari, alivaa sketi ndefu aliyochaguliwa na mama yake, na raba nyeupe ambazo hakuchaguliwa na mtu.

Msichana wa dirishani, ambaye beji kifuani ilisema anaitwa Vanessa, alikuwa amemaliza kazi yake. Alipokea pasipoti, akampiga Belyse picha, akamwambia aweke vidole juu ya kijioo chenye taa ya kijani, akasema majibu yatakuja kwa barua pepe. Kisha akatutakia siku njema. Nyuma yetu namba nyingine ilikuwa imeshaitwa, na kijana mmoja mwenye begi kubwa mgongoni alisimama akisubiri tumpishe.

"Mama Belyse," nikasema, "anasema tumemaliza."

"Tumemaliza nini? Hata swali moja hajauliza. Mwambie sisi tuko tayari, aulize."

"Mama, please," Belyse alinong'ona.

"Wewe nyamaza. Kaka Venant, mwambie."

Nikamwambia. Mtu akishatamka neno "mwambie" mbele yangu, mdomo wangu hufunguka wenyewe, ni ugonjwa wa kazi niliyoifanya zamani. Niliinama kwenye kitundu cha kioo, nikasema kwa Kiingereza changu cha Jumapili kwamba bado hajauliza na kwamba sisi tuko tayari. Vanessa alinitazama kwa upole, akaeleza polepole kwamba pale hapana mahojiano, wao wanapokea tu na kutuma mbele. Nikamgeukia Goreth na kulileta jibu kama lilivyo.

"Mimi sihoji," nikamwambia. "Mimi napokea tu."

Goreth alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Nimemwona mama huyu akipita katika mambo ambayo wengine yaliwavunja, lakini sikuwahi kumwona amepotea namna ile, mbele ya msichana mpole anayetabasamu.

Lazima nieleze habari ya hiyo "mimi" yangu.

Katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kibondo kule Tanzania, nilikuwa mkalimani wa mahojiano ya wanaoomba kuhamishiwa nchi za mbali. Maofisa walikuja na meza yao ya kukunja, wakaiweka chini ya turubai. Mkimbizi alikaa upande huu, ofisa upande ule, na mimi kwenye kigoda pembeni, magoti yangu katikati yao. Nilifundishwa kanuni mbili. Ya kwanza, mkalimani hasemi "anasema alikimbia." Anasema "nilikimbia." Basi kwa miaka ile nimekuwa mjane, nimekuwa kijana aliyepotezana na ndugu zake njiani, nimekuwa bibi kizee asiyejua umri wake, wote hao kabla ya chakula cha mchana. Kanuni ya pili, huongezi wala hupunguzi. Mtu akisema maneno matatu na wewe unasema matatu, hata kama moyo wako una mengine mia. Nasema bila kujisifu kwamba nilikuwa hodari. Haya, na kujisifu kidogo.

Goreth nilikutana naye kwenye meza hiyo. Égide, mume wake, alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliotangulia, na yeye alikuja na Belyse mdogo ameng'ang'ania kitenge chake. Alikuwa ametoka Burundi mwaka sabini na mbili, mwaka wa mauaji, akiwa mgongoni mwa mama yake. Akaja akatoka Kongo akiwa bibi harusi, na vyombo vya harusi akaviacha jikoni. Wahojaji walimrudia mara nyingi, kila mara ofisa mpya na maswali yale yale, kana kwamba walitarajia siku moja atachoka na kusema jambo jingine. Hakuchoka. Wengine walikuwa wakilia, wengine wakikasirika, wengine wakisahau mwezi waliousema mara ya kwanza. Goreth alikuwa akinyoosha mgongo na kusema, "Mwambie arudie ile swali, nataka kuijibu vizuri." Tangu siku hizo nilimheshimu, na heshima hiyo haijapungua hata robo.

Swali la mwisho lilikuwa moja kila mara. Ukirudi nchini mwako, nini kitakupata? Na kila mtu alijibu kwa namna yake, lakini mwanzo wa jibu ulikuwa mmoja: siwezi kurudi. Nimeyasema maneno hayo kwa sauti ya wanaume na ya wanawake, ya wazee na ya vijana, hadi yakawa kama kikohozi changu mwenyewe.

Siku jina lake lilipobandikwa kwenye ubao wa kambi, Goreth aligawa vitu vyake. Ndivyo tulivyofanya wote. Anayepata safari hauzi, anagawa, na majirani hawangoji kuitwa. Wanakuja mapema kuulizia nani atachukua kitanda, nani ndoo, nani jembe. Mgeni angeona ni uchoyo. Kwetu ilikuwa namna ya kuagana, kwa sababu mtu anayekuomba kitanda chako anakubali mbele ya macho yako kwamba hutakilalia tena. Mimi nilipewa sufuria. Zamu yangu ilipofika nikaiacha kwa mwingine, na sijui sasa inapika maharage ya nani.

Hapa Sydney tunakaa St Marys, mimi mtaa huu na Goreth mtaa wa nyuma. Mimi nafua mashuka katika nyumba ya kulelea wazee, yeye anapika katika jiko la nyumba hiyo hiyo. Belyse alikulia hapa. Akawa raia, akapata pasipoti ya bluu yenye kangaruu na emu, akasomea upishi, akaajiriwa katika hoteli moja mjini. Kiswahili anakisikia chote, hata utani wa watu wazima, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza kama watoto wetu wote.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa, tukiwa tunakula isombe, yaani kisamvu, nyumbani kwa Goreth, alipoegemeza simu yake kwenye jagi la maji ili tuone. Kwenye kioo palikuwa na milima, bahari tulivu, na jua limesimama juu ya maji halizami. Belyse alisema pale ni saa sita ya usiku. Ni kaskazini kabisa mwa Norway. Kuna hoteli inatafuta wapishi, na Waaustralia vijana wana viza yao maalumu, mtu anafanya kazi kidogo, anatembea kidogo, mwaka mmoja. Umri wake bado unamruhusu.

"Inaitwa working holiday," alisema.

"Likizo ya kazi ndiyo kitu gani?" Goreth aliuliza. "Mutu akiwa likizo analala."

"You do both, Mama."

Goreth alimwekea binti yake ugali mwingine, akafuta vidole, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nani anakufukuza?"

Belyse alicheka, akadhani ni mzaha. Nami nilikuwa karibu kucheka, nikamtazama Goreth usoni, nikauelekeza mdomo wangu kwenye isombe. Hakuwa anatania. Kwa Goreth, mtu anayeacha nchi yenye amani na kazi na kitanda ama ana adui ambaye hajamtaja, ama hana akili.

Walibishana hadi chakula kikapoa. Mwishowe Belyse alisema jambo lililonifanya nimtazame upya. Alisema yeye ni mtu mzima, tiketi atajinunulia, na hakuna sheria inayomzuia, lakini mama akisema hapana, haendi. Aliyasema bila kununa, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Alikuwa na mama mmoja tu duniani, na mama huyo alikuwa ameshaachana na watu wa kutosha.

Goreth naye hakutaka kuonekana mkatili. Akatafuta njia, na njia aliyoipata ilikuwa ile aliyoijua.

"Watakuhoji," alisema. "Wale watu wanajua safari ya kweli na safari ya bure. Wakikukubali wao, na mimi nakubali."

Belyse akajaribu kusema kwamba hakuna atakayemhoji, ni kujaza mtandaoni na kwenda kuweka vidole, basi. Goreth akapunga mkono kumfukuza inzi asiyekuwepo. Akanitazama mimi, mtaalamu. Na mimi, na suti yangu na miaka yangu ya mezani, nikatikisa kichwa kukubaliana na Goreth. Nani kati yetu angeamini kwamba kuna nchi inayompokea mtu bila kumuuliza anatoroka nini?

Basi tukaanza mazoezi. Jumamosi mchana Goreth alisogeza meza ya kulia katikati ya sebule, akafunga televisheni, akaweka glasi ya maji upande wa ofisa kwa sababu maofisa hunywa maji. Mimi nikawa ofisa. Belyse akakaa mbele yangu. Goreth akakaa kwenye sofa nyuma yake, akisikiliza kama mama mwenye mtoto jukwaani.

"Kwa nini unataka kuondoka nchini mwako?" nikauliza, kwa ile sauti kavu.

"I want to see the sun at midnight."

"Yoo, Mana yanje, Mungu wangu!" Goreth akaruka. "Kwa jibu kama hiyo tungekuwa bado Kibondo!"

Tukarudia. Nikamshauri aongeze kidogo habari za kujifunza upishi wa samaki. Nikamwambia maofisa wanapenda sababu yenye uzito. Akanisikiliza kwa adabu, akaniita "tonton," yaani mjomba, kama anavyoniita tangu alipokuwa na meno ya kuchomoka, na nilipouliza tena akajibu vile vile. Anataka kuona jua usiku. Jumamosi iliyofuata, vile vile.

"Tonton, ndiyo sababu yangu," aliniambia, kwa Kiswahili mara hiyo. "Sina ingine. Niseme uongo?"

Nikageukia swali linalofuata. Lakini kuna jambo nililiona siku zile ambalo sikulisema mbele ya mama yake. Niliona jinsi Belyse alivyokaa. Watu wangu wa kambini walikaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, tayari kusimama au kupiga magoti, chochote kitakachotakiwa. Belyse aliegemea. Alipandisha mguu mmoja juu ya goti, mkono mmoja ukaning'inia nyuma ya kiti, akamtazama ofisa machoni kama anavyomtazama mtu anayemuuliza saa. Nilimhoji huku nikimstaajabia. Sikujua kwamba mtu wetu anaweza kukaa hivyo mbele ya meza. Nilifurahi mpaka nikainamia ile glasi ya maji nikainywa yote, ili nisionekane.

Ndiyo maana siku ile tuliyopanda treni kwenda mjini, sote watatu, na nguo zetu za kanisa, niliogopa mambo mawili. Niliogopa watamkataa. Na niliogopa kwamba ili asikataliwe, atajifunza kukaa ukingoni.

Hakukataliwa wala hakukubaliwa. Vanessa alimwita kijana mwenye begi, na sisi tukajikuta kwenye lifti, tukishuka, Goreth akitazama namba za ghorofa zikipungua.

Alizungumza tukiwa tumefika kituo cha Central, kwenye jukwaa, tukingoja treni ya Penrith.

"Sasa mimi nitakubali vipi?" alisema. "Hakuna mutu amemuhoji."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa heri angesema kwa ukali. Belyse alitazama raba zake. Aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipoiacha ile safari moyoni mwake, akaanza kupanga jinsi atakavyowaandikia wale wa hoteli kuwaomba radhi. Mimi nilitafuta neno la kusaidia, nikapata kikohozi.

Treni ikaja. Tukapanda ngazi ndogo hadi ghorofa ya juu ya behewa, ambako Goreth hupenda kukaa kwa sababu anaona mabati ya watu. Viti vya treni zile, kwa asiyevijua, vina mgongo unaosukumika. Ukiushika na kuuvuta, kiti kilichokuwa kinatazama mbele kinatazama nyuma, na watu wanaweza kukaa wakitazamana. Watoto wa shule huvichezea mpaka wazazi wawakemee. Goreth alisimama kwenye njia, na vazi lake la dhahabu, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili na kuuvuta. Kikageuka kwa kishindo. Mzee mmoja wa Kizungu aliinua macho kwenye simu yake.

"Kaa hapo," akamwambia Belyse.

Belyse akakaa. Goreth akakaa mbele yake, akaweka mkoba mapajani, akaunyoosha mgongo. Kisha akanielekeza kwa kidevu nafasi ya ukingoni, kando ya njia, na nilipokaa nikaona magoti yangu yako pale pale yalipozoea kuwa.

"Kaka Venant, utatafsiri."

"Mama Belyse, mtoto anasikia Kiswahili."

"Ofisa haongei na mutu moja kwa moja. Uliza jina lake."

Nikauliza jina lake. Treni ilikuwa inatoka Redfern, na mimi nilikuwa natafsiri kati ya mama na mwanawe ambao wamekula sahani moja maisha yao yote. Nilitaka kucheka. Lakini Belyse alimtazama mama yake, akaona uso nilioujua mimi, uso wa ile meza ya kukunja, akaacha kutabasamu. Akasema jina lake lote, na la baba yake.

Goreth aliuliza amezaliwa wapi. Kibondo, Tanzania. Aliuliza baba yuko wapi. Belyse akajibu kwa Kiingereza, polepole, nami nikalileta kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa.

"Tulimzika kule," nikasema. "Uso wake siukumbuki vizuri. Nakumbuka mgongo wake, alipokuwa ananibeba kwenda kuchota maji."

Goreth alipepesa macho. Hayo hakuyajua. Katika miaka yote ya kukaa nyumba moja hakuwahi kumuuliza, kwa sababu alidhani mtoto hakumbuki kitu, na Belyse hakuwahi kusema, kwa sababu alidhani mama hataki kusikia. Nilikaa kati yao na macho yangu sakafuni, kama mkalimani anavyopaswa.

"Endelea," Goreth alisema, ingawa mwenye kuendelea alikuwa yeye.

Tulipita Strathfield, tukapita Parramatta. Aliuliza maswali yote. Aliyakumbuka kwa mpangilio wake, hata yale ya kipuuzi, kama amewahi kubeba silaha, kama ana ndugu ambaye hakumtaja. Belyse alijibu kila moja. Naye, nasema kwa furaha, hakusogea ukingoni. Aliegemea kile kiti kilichogeuzwa, akisafiri kinyumenyume kuelekea nyumbani, na kila jibu alilitoa akimtazama ofisa wake machoni.

"Nani anakufukuza?"

"Nobody."

"Hakuna," nikasema.

"Kwa nini unataka kuondoka nchini mwako?"

Nilikaribia kusahau kutafsiri. Goreth huiita Australia "huku kwao." Huku kwao mvua inanyesha vibaya, huku kwao nyanya hazina ladha. Nchini mwako. Sijui kama mwenyewe alijisikia akilisema, au kama ni lile swali la zamani tu lililokuja na maneno yake.

Belyse alifikiri. "To see it," alisema. "That's all. There's nobody behind me, Mama."

"Kuona tu," nikasema. "Nyuma yangu hakuna mtu, Mama."

Goreth aligeukia dirisha. Mabati ya Mount Druitt yalikuwa yanapita, na nguo kwenye kamba, na mbwa wa mtu. Nilijua swali lililobaki. Nilikuwa nimelitafsiri mara nyingi kuliko sala zangu. Alilisema bila kugeuka.

"Mwulize. Ukirudi nchini mwako, nini kitakupata?"

Nikamwuliza.

Belyse hakuharakisha. Kwanza alishangaa, kisha nikaona anaanza kuelewa ni swali gani hili, limetoka wapi, na aliyekuwa akiulizwa zamani alikuwa nani. Akainama mbele, akaweka mkono juu ya goti la mama yake. Akajibu kwa Kiingereza chepesi kabisa, kile ambacho hata sisi wa jikoni na wa mashuka tunakisikia. Alisema akirudi, mama atamwambia amekonda. Atampikia isombe. Atalala kwenye kitanda chake mpaka mchana, na Jumatatu ataenda kazini.

"I'm coming back, Mama. I can come back."

Nikafungua mdomo. Nimekuwa mjane mimi, nimekuwa yatima, nimekuwa baba aliyezika watoto njiani, na sikuwahi kukwama. Lakini sentensi hiyo haikuwahi kupita kwangu hata mara moja. Hakuna aliyewahi kunipa niibebe. Niliitafuta kwa Kiswahili, neno fupi ambalo mtoto mdogo analijua, nikalikosa.

Goreth aliweka mkono juu ya mkono wa suti yangu.

"Wacha," alisema. "Nimesikia."

Kisha akajikusanya. Akakaa tena kama ofisa, na kwa sauti ya ofisa akamaliza kama walivyokuwa wakimaliza wao.

"Asante. Utajulishwa."

Tuliposhuka St Marys alisema tu kwamba viatu vinambana.

Barua pepe ya Norway ilikuja baada ya wiki chache. Belyse alinionyesha mimi kwanza, jikoni kwangu, na hakuruka wala kupiga kelele. Wamekubali. Tukaenda pamoja kumwonyesha mama yake. Goreth alikuwa akikaanga ndizi. Alisoma kwa muda mrefu, au alitazama kwa muda mrefu, akarudisha simu.

"Hao ni wao," alisema, akageuza ndizi.

Kwa hiyo tukangoja. Kambini tulingoja ubao. Hapa hapakuwa na ubao, palikuwa na uso wa Goreth, nao haukubandikwa kitu. Belyse alikwenda kazini na kurudi. Hakumuuliza mama yake hata mara moja, na kwa hilo pia nilimstahi, maana mimi nilikuwa nawaka. Nilipomuuliza Goreth penye mashine za kufulia, alinijibu kwamba mkalimani haulizi matokeo. Ni kweli, hatuulizi.

Habari za viza zilikuwa zimeshafika kanisani, na Jumapili moja alasiri Spéciose akaja. Spéciose ni mama wa kwaya, mwema, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili. Alikuja na pikapu ya mwanawe, na kamba nyuma. Mimi nilikuwa sebuleni kwa Goreth, nikirekebisha mguu wa meza ambao mazoezi yetu yaliuchosha. Goreth akaenda mlangoni.

"Dada, nimekuja mapema kabla wengine," Spéciose alisema. "Wageni wangu wanafika kutoka Campbelltown, hawana pa kulala. Ile kitanda ya Belyse, kuna mutu ameisema?"

Hakukuwa na ubaya wowote. Angefanya hivyo Kibondo, na tungemsaidia kubeba. Belyse alikuwa ametokea kwenye korido na kapu la nguo zilizofuliwa, akasimama.

"Kitanda gani?" Goreth aliuliza.

"Ya Belyse. Si anaondoka?"

"Anaenda."

"Ndiyo, ndiyo nasema—"

"Kitanda hakitoki," Goreth alisema. Alikuwa ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, mama mfupi, na hakuna pikapu ambayo ingepita pale. "Mwenyewe anarudi."

Spéciose alimtazama kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha kwenda juu. Nilimwona akilipima lile neno. Amepata vitanda, amegawa vitanda, ameaga watu wa kambi tatu, na hakuna hata mmoja aliyeacha kitanda kikimngoja. Kisha likamfikia. Akaweka mkono mdomoni.

"Anarudi!" alisema, na machozi yakamtoka akicheka. "Mana yanje, anaenda na anarudi!" Akaingia ndani, akakaa, akataka chai.

Belyse hakusogea. Goreth hakumgeukia. Alifunga mlango taratibu, akanyoosha zulia la mlangoni kwa mguu, akazungumza na mimi.

"Kaka Venant. Mwambie huko baridi ni nyingi. Anunue soksi nzito, za sufu."

Belyse alikuwa karibu nami kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Alisikia kila neno. Lakini kazi ni kazi. Niliweka nyundo chini, nikasimama, nikamtafsiria kwa Kiingereza habari ya baridi na ya soksi, bila kuongeza, bila kupunguza.

"Okay," Belyse alisema.

Nikamgeukia Goreth.

"Sawa, Mama," nikasema. "Nitanunua. Na nitarudi."

Belyse alikuwa amesema "okay" tu. Hayo mengine niliongeza mimi.